Kiumbe Asiyedai: Juu ya Paka, Dhahabu na Deni la Kinga

Aghalabu katika nyumba za Geita na Shinyanga paka hana jina. Ng'ombe wa Msukuma hujulikana mmoja mmoja, kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa mamaye. Mbwa naye huitwa akaitika. Paka huitwa paka. Huletwa mdogo ndani ya kikapu, au huingia mwenyewe mlangoni asifukuzwe, na tangu siku ile kazi yake inajulikana bila ya kuambiwa: kulinda mahindi, mpunga na mtama visiliwe na panya. Ujira wake ni hao hao panya. Hakuna anayemkumbuka ila siku alipoiba dagaa.

Akiugua, hasemi. Ng'ombe mgonjwa huacha kucheua na mchungaji akajua. Mbwa mgonjwa hulia. Paka hujitenga. Hujikunja chini ya kihenge, akakaa kimya siku mbili tatu, kisha akapona au akafa, na nyumba isijue alikuwa na nini. Madaktari wa mifugo hueleza kuwa tabia hiyo ni urithi wa paka-mwitu, mzee wa paka wote wa nyumbani. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu ameyaita mauti. Basi maumivu akayafanya siri.

Hapo ndipo linapozuka swali la insha hii. Deni la kawaida lina mdai: aliyekopesha hubisha hodi, na asipolipwa hushitaki. Paka hakopeshi kwa maandishi, habishi hodi wala hashitaki. Je, deni lisilo na mdai ni deni? Na likiwa deni, linalipwa kwa kitu gani?

Kwa watu wa mwambao swali hili si geni. Mtoto wa chuoni hulisikia mapema, katika hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, husomwa mno kama onyo dhidi ya ukatili. Lakini anayeitazama kwa makini ataona kuwa mwanamke yule hatajwi kuwa alimpiga paka, wala kumchoma, wala kumtupa. Kosa lake ni mambo mawili yaliyokwenda pamoja: alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Lau angemwacha huru, paka angejitafutia mwenyewe. Kifungo ndicho kilichozaa deni. Aliyemzibia kiumbe njia ya kujiokoa amejitwika yeye kazi ya kumwokoa, na kwa deni la namna hiyo haihitajiki sauti ya mdai. Yatosha kwamba mlango ulifungwa na ufunguo umo mkononi mwa mtu fulani.

Mtu atasema: sisi hatukumfungia paka yeyote. Paka wa Geita hana kamba shingoni. Hulala anapotaka na usiku huzurura juu ya mabati. Maneno hayo ni ya kweli kwa mwenye kutazama kamba. Lakini viko vifungo visivyo na kamba, na yafaa vitazamwe kimoja kimoja, maana kila kimoja kina ugonjwa wake na kinga yake.

Kifungo cha kwanza ni cha umbo. Paka wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu na uso wa bapa, amefungiwa ndani ya mwili aliochaguliwa na watu. Kizazi baada ya kizazi wafugaji walipandisha wenye pua fupi kwa wenye pua fupi, hata njia ya hewa ikasongeka, machozi yakakosa pa kupita yakamwagika usoni, na meno yakabanana katika taya lisilo na nafasi. Zaidi ya hayo, ukoo wake umebeba ugonjwa wa figo wa kurithi: vifuko vya maji humea ndani ya figo tangu utotoni, vikakua polepole, na mnyama aliyeonekana mzima kwa miaka mingi akaanza kukonda na kunywa maji kupita kiasi. Tafiti kadhaa zilizofanywa katika nchi mbalimbali ziliona ugonjwa huo kwa zaidi ya theluthi moja ya Waajemi waliopimwa. Kasoro ya kijeni inayouleta ilitambuliwa mwaka 2004, na tangu hapo kipimo kipo; mfugaji anayepandisha bila ya kupima amechagua kutojua. Wapo pia paka wa Scottish Fold, waliotokana na paka jike mmoja aliyeonekana shambani huko Scotland mwaka 1961, wenye masikio yaliyokunjika kama ya bundi. Kile kile kinachokunja sikio huharibu gegedu la mwili mzima, na paka huyo huishi na maumivu ya viungo ili watu wapate kusema kuwa anapendeza.

Afrika Mashariki nayo inayo mbegu yake. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, mwaka 1978 walipatikana paka wembamba wenye miguu mirefu na mabaka kama ya gome la mti, ambao Wagiriama waliwafahamu zamani. Baadhi yao walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na leo ukoo wa Sokoke umo katika madaftari ya wafugaji wa Ulaya na Marekani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 uliwaona kuwa ni jamaa wa paka wa Lamu. Shida yao haikuletwa na uso bapa. Imeletwa na uchache: ukoo uliojengwa juu ya wazazi wachache hauna akiba ya kutosha, na kiumbe wa joto la mwambao aliyepelekwa kwenye baridi ameihitaji kinga ambayo kwao hakuihitaji. Aliyemhamisha ndiye aliyeupokea mzigo huo.

Paka wa Shinyanga hana daftari la nasaba. Mwenziwe alimchagua mwenyewe, usiku, juu ya paa, na maumbile yalimwondoa kila aliyezaliwa na pua isiyopitisha hewa. Kwa hiyo magonjwa ya ukoo si tatizo lake kubwa. Yeye amefungiwa katika kifungo cha pili, nacho ni cha nyumba.

Nyumba humpa paka chakula chake yenyewe, dawa zake yenyewe na maradhi yake yenyewe. Chukua chakula. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki wala hakimo katika nafaka. Mwaka 1975 wataalamu walithibitisha kuwa paka akikikosa, pazia la nyuma ya jicho huharibika akapofuka. Mwaka 1987 ikathibitishwa kuwa moyo wake nao hutanuka na kulegea. Paka anayewinda hujipatia taurini kwa panya. Lakini panya wakitegewa sumu, naye akafungiwa ndani asitoke, akalishwa ugali mtupu kwa mchuzi wa maharage, hapo yule mwanamke wa hadithi amerudi, ingawa sahani haiko tupu. Na akimla panya aliyekwisha kula sumu, sumu ile ile inayozuia damu ya panya isigande humwingia naye.

Chukua dawa. Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na kila mfugaji anaijua kazi ya josho na ya dawa ya kunyunyizia kupe. Nyingi za dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ng'ombe na mbwa huzistahimili. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja haraka. Mtu mwenye huruma anapoona paka wake amejaa viroboto, akachota dawa ya ng'ombe iliyobaki akampaka, huona baada ya saa chache mnyama anatetemeka, anatokwa na mate, anajipiga chini. Hivyo hivyo kwa paracetamol: kidonge kimoja kinachomtuliza mtu kichwa chaweza kumuua paka mzima. Katika mambo haya mtu hakukusudia ubaya. Alikusudia wema, na wema usiojua umefanya kazi ya ubaya. Hapa kanuni yapasa isemwe wazi: ujuzi huongeza dhima. Mtu wa karne iliyopita asiyejua habari ya ini la paka hakuwa na hatia. Aliyekwisha kuambiwa hawezi tena kujificha nyuma ya huruma yake.

Na ujuzi wa leo si wa kuogopesha, maana kinga zenyewe ni chache. Mtoto wa paka huanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, chanjo ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita: chanjo ya kumlinda na ugonjwa wa kuhara na kutapika unaomaliza watoto wa paka uzao mzima, na ya mafua yanayogandisha macho kwa usaha. Akitimiza wiki kumi na mbili hupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Hupewa dawa ya minyoo. Hufungwa uzazi, ili asizae mpaka mwili ukaisha, na ili dume apunguze mapigano ambamo maradhi ya damu huambukizwa kwa meno. Kinyesi chake hufukiwa kila siku, kwa kuwa vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na mjamzito ndiye anayepaswa kukaa mbali navyo zaidi ya wote.

Kifungo cha tatu ni cha mahali, na hapa mkanda wa dhahabu una habari yake.

Migodi mikubwa ya eneo hili inajulikana: Bulyanhulu katika wilaya ya Kahama, na Geita, ambao ulifunguliwa mwaka 2000, miaka kumi na miwili kabla ya Geita kuwa mkoa. Lakini nje ya nyua za migodi hiyo, katika vijiji kama Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, wachimbaji wadogo huteremka maduarani kwa kamba, hupandisha mawe, huyasaga kwenye karasha, huosha mchanga kwenye mwalo, kisha huchanganya zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu zikawa bonge moja la rangi ya fedha. Bonge huwekwa motoni. Zebaki huruka ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Kipo kifaa cha kuunasa mvuke huo na kuurudisha ukawa zebaki tena, lakini wengi huchoma wazi, na wapo wanaochomea nyumbani, kwenye jiko lile lile linalopikiwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, uliwakuta wachimbaji wenye dalili za sumu ya zebaki, na walioathirika zaidi ni wale wanaochoma.

Paka huishi chini, karibu na vumbi. Hulala jikoni kwa kuwa ndiko kwenye joto. Hujiosha kwa ulimi mara nyingi kwa siku, na lolote lililoangukia manyoya yake huishia tumboni mwake. Hakuna kiumbe wa nyumba anayekusanya vumbi la nyumba mwilini mwake kuliko yeye, akifuatiwa na mtoto mchanga atambaaye, ambaye naye hutia mkono kinywani. Wala paka hana njia ya kujua kuwa jiko hili si kama majiko mengine.

Iko nchi iliyokwisha kufundishwa na paka wake somo la zebaki, ikakataa kusoma. Katika mji wa Minamata, Ujapani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini, tangu mwaka 1932, maji yenye zebaki. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 paka wa vijiji vya wavuvi walianza kuyumba, kuzunguka kama wanaocheza ngoma, kujirusha majini wakafa. Mwaka 1954 gazeti la mkoa liliandika kuwa paka wa kijiji kimoja wamekwisha na panya wamezidi. Habari ilichukuliwa kuwa ni ya panya. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Mei 1956, Dakta Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alitoa taarifa rasmi ya ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu kwa watoto. Alianza kuwajaribu paka. Mwaka 1959 alimlisha paka aliyepewa nambari 400 chakula kilichochanganywa na maji ya kiwanda, na mwezi wa Oktoba paka huyo akaanza kuyumba kama wale wa vijijini. Kampuni iliyaficha matokeo. Serikali ilitangaza chanzo cha ugonjwa mwaka 1968. Daktari yule alitoa ushahidi wake mwaka 1970 akiwa kitandani, karibu na kufa kwake.

Haki yataka isemwe kuwa Geita si Minamata. Kule ilimwagwa zebaki iliyokwisha kugeuka kuwa ya aina inayoingia moja kwa moja katika samaki. Huku hutumika zebaki ya kawaida, na hatari ya kwanza ni mvuke. Vipimo vilivyofanywa kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa ujumla havikuonyesha viwango vya kutisha, na dagaa, aliye chini katika ngazi ya kuliwa na kula, hubeba kidogo kuliko samaki wakubwa. Kinachofanana ni namna ya kutazama. Minamata walimwona paka akifa, wakauliza ni nani sasa atakayewafukuza panya. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa hiyo katika sheria za dunia liko jina la mahali ambapo paka walitangulia kufa na wala hawakuulizwa wanakufa kwa nini.

Kifungo cha nne ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni cha shaka. Shinyanga na nchi jirani zimebeba kwa miaka mingi huzuni ya vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi: maisha mazima ya kupuliza moto wa kuni haba na wa kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha. Ilikuwa dalili ya ugonjwa, ikasomwa kuwa ni dalili ya uchawi. Paka, hususan mweusi, yumo katika shaka hiyo hiyo. Mafua yakimfanya macho mekundu yenye kutoka machozi, sumu ikimtetemesha, kichaa kikimfanya alie usiku na kurukia watu, huwapo anayesema huyo si paka, ametumwa. Hapo hapelekwi kwa daktari wa mifugo, hupigwa.

Si sahihi kuulinganisha uhai wa bibi na uhai wa paka, na insha hii hailinganishi. Inasema tu kwamba jicho linalokosea ni moja. Ugonjwa ukishageuzwa kuwa hatia, kinga haina tena mahali, kwa kuwa mgonjwa hatibiwi bali huhukumiwa. Jamii iliyozoea kuuliza "huyu anaumwa nini?" mbele ya kiumbe mdogo asiyesema, imejifunza swali ambalo lingemwokoa yule ambaye anasema na hasikilizwi.

Sasa lije pingamizi, nalo si dogo. Katika kijiji ambacho mama hutembea mbali kufika zahanati, na mtoto hukaa darasani bila ya dawati, nani atathubutu kuzungumza juu ya chanjo ya paka? Mfugaji humchanja ng'ombe dhidi ya kimeta, chambavu na ndigana kali kwa kuwa ng'ombe ana bei. Akifa, mahari imekufa, ada ya skuli imekufa. Paka hana bei. Wa jirani amezaa watano na wanatolewa bure.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, aliutenga ulimwengu mafungu mawili: vitu vyenye bei, ambavyo kingine chaweza kushika mahali pake, na vyenye utu, ambavyo havibadilishiki. Utu aliwapa wenye akili peke yao. Ukatili kwa wanyama aliukataza kwa hofu kwamba utamfanya mtu awe mgumu kwa watu. Miaka minne baadaye Mwingereza Jeremy Bentham alikigeuza kipimo: linalopaswa kuulizwa juu ya kiumbe ni uwezo wake wa kuumia, si uwezo wake wa kufikiri au kusema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imeegemea upande huu wa pili, kwa kumtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia.

Lakini pingamizi la mama wa kijijini halijibiwi kwa kutaja vitabu. Jibu la kwanza limo katika ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana, karibu hakina tiba. Kwa makadirio ya mwaka 2002, kilikuwa kikiua Tanzania watu wapatao 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto. Paka hukipata kwa kung'atwa, naye hung'ata mikono na nyuso, kwa kuwa ndizo anazozikaribia. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, na mtu hukimbizwa kupata chanjo, yenye gharama kubwa mno kuliko ile ya mnyama. Wapemba wanaujua mfano huu kwa macho yao. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza kisiwani humo mwaka 2010 ziliufukuza ugonjwa. Mwaka 2016 ukarejea kwa kuletwa kutoka nje. Chanjo ikarudiwa, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umetoweka tena. Inatosha kuchanja mbwa saba katika kila kumi ili ugonjwa ukose njia. Watatu waliobaki, na paka wote, na watoto wote, wamekingwa kwa sindano ambazo hawakudungwa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Katika ugonjwa huu mla nawe hufa nawe, na hupona nawe.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Likisimama peke yake, paka amerudi kuwa na bei: anachanjwa kwa sababu anaweza kutuua. Na siku ugonjwa wake usipotudhuru, kama ule wa kuhara unaomaliza watoto wake, hatutakuwa na neno naye. Paka wa Minamata walitazamwa kwa jicho hilo hilo la faida, ndiyo maana hawakuonekana.

Jibu la pili limo katika ufunguo. Paka hakuomba kuzaliwa na pua fupi, hakuomba ugali, hakuileta zebaki jikoni, wala hakutunga habari za uchawi. Kila mlango uliofungwa mbele yake umefungwa na mkono wa mtu, na mara nyingi kwa ajili ya kitu king'aacho: uzuri katika maonyesho ya Ulaya, au dhahabu inayotoka Nyarugusu ikavaliwa kwa watu ambao hawataijua njia yake. Mama wa kijijini si mdaiwa mkubwa hapa. Anadaiwa kidogo, kwa kadiri ya ujuzi wake na uwezo wake: asipake dawa ya ng'ombe, amwachie paka njia ya kutoka awinde, achomaye asichomee jikoni, na siku ya kuchanja mbwa kijijini mtoto ambebe na paka kikapuni. Mengi katika hayo hayana gharama. Wanaodaiwa zaidi ni wale walionufaika zaidi: wenye kununua dhahabu, wenye kuuza zebaki, wenye kuunda koo za wanyama, na serikali zenye kushika funguo za zahanati na za majosho kwa pamoja. Kumwambia mama achague kati ya mtoto na paka ni kumficha yule aliyeuleta uchaguzi huo.

Kinga ina ugumu mmoja ambao tiba hauna. Aliyetibiwa hushukuru, maana alijua anaumwa. Aliyekingwa hajui. Ugonjwa usiotokea hauonekani na mtu yeyote, na anayeuzuia hufanya kazi isiyo na shahidi wala mashairi ya sifa. Kwa sababu hiyo ulipaji wa deni hili unafanana na deni lenyewe: mdai wake hadai, na akilipwa hashukuru. Paka aliyechanjwa humkwaruza aliyemshika, akaruka, akaenda zake juu ya kihenge, akajilamba mkono mahali palipoguswa. Usiku panya husikia nyayo zake, au hawazisikii. Asubuhi mahindi yako palepale.